Kumbe kukaa benchi nako ni tizi!

Mpenzi msomaji, kama u miongoni mwa vijana wanaodamka alfajiri kwenda 'kupiga chuma', halafu mwaka unakatika na shati bado linakupwaya, makala haya ni ya kwako. Kaa kitako tuongee. Mimi mwenyewe nimepita humo, na nusura nilipe kwa mbavu zangu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa kimbaumbau hasa. Mzani ulikuwa ukisoma kilo 54, hapo nimevaa viatu na mfukoni nina funguo. Mtaani waliniita 'Njiti'. Nikikatiza kijiweni utasikia, "Njiti, shika nguzo, upepo huo unakuja!" Nilikuwa nacheka nao, lakini rohoni ilikuwa inauma. Na zaidi iliuma pale binti niliyekuwa nampigia hesabu naye alipoanza kuliita jina hilo mbele ya watu.

Nikajiunga na masela wa uwanja wa vyuma wa mtaani. Wale wa uswahilini wanaujua uwanja wa namna hiyo: nyuma ya gereji, chini ya mwembe, bomba la maji limechomekwa makopo ya rangi huku na huku, makopo yamejazwa zege. Benchi ni moja, la mbao, limeviringishiwa vipande vya tairi ya ndani ili lisichome mgongo. Vijana wanne kwa chuma kimoja. Ukimaliza zamu yako unainuka, unakaa pembeni juu ya tofali, unasubiri wenzako watatu wamalize ndipo urudi. Hapo ndipo stori zinapopigwa: Simba na Yanga, nani kamwacha nani, nani kapata kazi bandarini. Miezi minane ilipopita nikawa kilo 61. Jina la Njiti likaanza kunikimbia.

Basi mtu ukipata makalio hulia mbwata. Vijisenti vya makala vilipoanza kuingia nikaona uwanja wa makopo si hadhi yangu tena. Nikaenda kujiandikisha jimu ya kisasa mjini. Kiyoyozi, vioo ukuta mzima, muziki, mashine hata hujui uanze na ipi. Hakuna foleni, kila mtu na chuma chake. Nikajisemea, kama kwenye makopo nimepata kilo saba, huku si nitatoka na kifua kama kabati?

Siku ya kwanza mwalimu wa pale akanikuta nimekaa baada ya seti ya kwanza. Akanisogelea na saa yake mkononi.

"Dogo, hapa hatuji kupiga stori. Sekunde 30, unarudi chumani. Ukipoa, msuli unalala."

"Sawa kaka," nikajibu, nikarudi kulala chini ya chuma.

Ikawa ndiyo maisha. Sekunde 30, filimbi, chuma. Sekunde 30, filimbi, chuma. Jasho lilikuwa linatoka kama nimemwagiwa ndoo. Nikitoka pale miguu inatetemeka, daladala napanda kwa kuvutwa mkono na kondakta. Moyoni nikawa nasema, "Hii sasa ndiyo kazi, kule kwenye makopo tulikuwa tunacheza."

Miezi minne baadaye nikapanda mzani: kilo 58. Nilidhani mzani mbovu. Nikapanda wa duka la dawa, kilo 58. Uzito niliokuwa nausukuma mara 10 kule chini ya mwembe, sasa mara ya sita mikono inaanza kucheza sindimba.

Halafu ikaja siku yenyewe. Nilikuwa seti ya tatu, kilo 50, filimbi imelia na pumzi bado iko mbali. Nikashusha chuma kifuani. Kupandisha, hakipandi. Kikanilalia. Mabaunsa wawili ndio walioninyanyulia, na kila mtu kwenye vioo alikuwa ananiangalia mimi. Wiki mbili sikuweza kucheka wala kupiga chafya bila kushika mbavu.

JAMAA WA SINDANO

Wakati nauguza mbavu zangu, jamaa mmoja tuliyekuwa tunabadilishia naye nguo chumba kimoja akanivuta pembeni. "Kaka, tatizo siyo tizi. Mwili wako unataka msukumo." Akafungua begi kidogo, nikaona vichupa na mabomba ya sindano. Akanitajia bei. Nikaenda nyumbani, nikahesabu hela zangu mara mbili. Sitaki kukudanganya, msomaji wangu, nilikuwa nimeshaamua kulipa.

Kilichoniokoa ni salamu tu. Jioni ile nilipita kwenye uwanja wa makopo kuwajulia hali wenzangu. Kaka mkubwa wa pale, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika chuma, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mdogo wangu, mbona umenyauka? Chakula unakula?"

"Nakula kaka, kama zamani."

"Unalala?"

"Nalala."

"Sasa chuma ni chuma, mwili ni uleule. Huko kuna nini ambacho hapa hakipo?"

Nikafikiri. Nikamjibu kwa utani, "Labda foleni, kaka. Huko hakuna foleni."

Wote wakacheka. Lakini neno lile lililala na mimi usiku kucha. Foleni! Kule kwenye makopo, wenzangu watatu wakipita chumani mmoja mmoja, mimi nilikuwa nakaa kwenye tofali dakika mbili na nusu, hata tatu. Kwenye vioo nilikuwa nakaa nusu dakika. Asubuhi nikaanza kutafuta wataalamu wanasemaje juu ya jambo hili, na nilichokuta kilinifanya nimrudishie yule jamaa vichupa vyake kwa mdomo tu, kabla hata sijavishika.

BETRI YA MSULI

Ukinyanyua kitu kizito kwa sekunde chache, msuli hautumii ugali uliokula mchana moja kwa moja. Unatumia akiba ndogo iliyo ndani yake, kemikali iitwayo fosfokreatini. Ichukulie kama betri ya simu ambayo ina moto mkali lakini inaisha haraka. Seti moja ya kukaza inaishusha sana.

Sasa betri hiyo hujichaji yenyewe ukiwa umekaa. Nusu ya kilichopotea hurudi kwa takriban sekunde 30. Lakini ili ikaribie kujaa inataka dakika tatu hadi tano. Kwa hiyo mtu wa sekunde 30 anarudi chumani betri ikiwa nusu, seti inayofuata anaanza na robo, na ile ya mwisho anasukuma kwa dua. Juu ya hapo kuna ule uchafu wa kazi unaojikusanya ndani ya msuli, ule unaouma kama moto. Nao unataka muda upungue.

Kuna na suala la pumzi. Ukichuchumaa na chuma begani bila kupumzika vya kutosha, kinachokusimamisha si paja kuchoka, ni mapafu kukosa hewa. Hapo umeyapa mapafu mazoezi, paja limekuwa mtazamaji. Msuli hukua kwa sababu umebebeshwa mzigo na ukavutwa hadi karibu na kushindwa. Kama pumzi inakata kabla ya msuli, ujumbe haujafika.

MIFUKO MINNE YA SARUJI

Mbavu zilipopona nikajipima mwenyewe. Nilichukua chuma cha kilo 40, seti tatu, nikisukuma mpaka mkono ukatae.

Siku ya kwanza nilipumzika dakika moja kati ya seti na seti. Nikapata mara 10, halafu 7, halafu 5. Jumla mara 22. Zidisha kwa kilo 40 unapata kilo 880.

Siku nne baadaye, chuma kilekile, nikapumzika dakika tatu. Nikapata mara 10, 9 na 8. Jumla mara 27, yaani kilo 1,080.

Tofauti ni kilo 200. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo ni mifuko minne ya saruji ambayo kifua changu kilinyanyua zaidi, kwa sababu tu nilikaa. Ukifanya hivyo mara tatu kwa wiki ni mifuko 12. Kwa wiki nane ni mifuko 96. Utajenga ukuta wa nyumba na chenji ibaki! Na hapa naongelea zoezi moja tu.

WATAALAMU WALIPOSHIKA SAA

Sasa usije ukaniambia, "Hayo ni ya kwako, Njiti." Mwaka 2016 mtaalamu wa Marekani Brad Schoenfeld, wa Lehman College huko New York, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa vijana wa kiume 21 waliokuwa tayari wazoefu wa vyuma. Waliwagawa makundi mawili. Wote walifanya mazoezi yaleyale saba, seti tatu za mara 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi hili lilipumzika dakika moja, lile dakika tatu.

Wa dakika tatu walitoka na nguvu zaidi kwenye kusukuma chuma kifuani na kwenye kuchuchumaa nacho begani. Walipopimwa unene wa misuli kwa mashine ya ultrasaundi, paja la mbele la watu wa dakika tatu lilikuwa limeongezeka kuliko la wenzao.

Mwaka huohuo Waingereza wa Chuo Kikuu cha Birmingham nao wakatoa yao. Wanaume 16, mazoezi ya miguu, nusu yao wakipumzika dakika moja na nusu dakika tano. Wao waliangalia ndani ya msuli wenyewe, kasi ya kujenga protini mpya katika saa nne za mwanzo baada ya tizi. Wa dakika moja kasi iliongezeka kwa asilimia 76. Wa dakika tano iliongezeka kwa asilimia 152. Mara mbili, ndugu yangu!

Na hapo ndipo penye kichekesho. Wale wa dakika moja ndio waliokuwa na homoni ya kiume, testosteroni, nyingi zaidi kwenye damu mara baada ya mazoezi. Yaani homoni walikuwa nazo, ujenzi hawana.

Hilo la homoni ndilo lililozaa filimbi ya sekunde 30. Mwaka 1990 mtaalamu William Kraemer na wenzake walionyesha kwamba kupumzika kidogo kunapandisha homoni ya ukuaji kwenye damu. Walimu wa jimu dunia nzima wakadaka: homoni ya ukuaji ikipanda, basi mtu atakua. Ina mantiki ukiisikia, siwalaumu. Lakini kupanda kule ni kwa muda mfupi, baada ya hapo inashuka, na tafiti zilizofuata hazikuona kwamba ndiko kunakojaza misuli. Mwalimu wangu hakuwa na nia mbaya. Alifundishwa hivyo, naye akanifundisha mimi.

USIJE UKALALA KABISA

Hapa naomba masikio, maana najua vijana wetu. Ukishamwambia mtu apumzike, atatandika mkeka.

Huko Finland mwaka 2005 watafiti waliwalinganisha wanaume 13 kwa miezi sita, wakipumzika dakika mbili kwa kipindi kimoja na dakika tano kwa kingine. Misuli na nguvu havikuonyesha tofauti. Na mwaka 2024 wataalamu, Schoenfeld akiwamo, walikusanya tafiti za nyuma wakazipima pamoja. Wakakuta kwamba kupumzika zaidi ya sekunde 60 kuna faida ndogo kwa ukuaji wa misuli, na ukishavuka sekunde 90 faida ya kuongeza muda haionekani wazi.

Kwa hiyo, msomaji, kosa kubwa liko chini ya dakika moja. Kuanzia dakika moja na nusu upo salama. Dakika mbili hadi tatu kwa mazoezi makubwa ni pazuri. Dakika 15 hizo si mapumziko, hicho ni kikao.

Na adui wa siku hizi ni simu. Unakaa, unasema ngoja nijibu ujumbe mmoja, ukiinua kichwa mwenzako kashamaliza miguu na wewe bado una seti moja ya kifua. Mimi simu naitumia kama saa tu, kisha inarudi mfukoni.

UPUMZIKE KIASI GANI?

Mimi na wenzangu wa uwanjani sasa tunafuata mpango huu, nao ukikufaa uchukue.

Mazoezi makubwa yanayotumia misuli mingi, kama kuchuchumaa na chuma, kunyanyua chuma kutoka chini na kusukuma kifuani: dakika mbili hadi tatu.

Mazoezi madogo ya msuli mmoja, kama kukunja mkono na dambeli au kuinua mabega kwa pembeni: dakika moja hadi moja na nusu inatosha, kwa sababu hayakati pumzi sana.

Ukiwa unatafuta nguvu tupu, chuma kizito unachoweza kukinyanyua mara moja hadi tano tu: dakika tatu hadi tano. Hapo usione haya kukaa.

Kama saa huna, tumia pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati na ukajisikia unataka kurudi, rudi. Ukisema maneno mawili unavuta hewa, kaa.

Na wale ndugu zangu wenye haraka, uliyetoka kazini saa 12 jioni na mama anataka geti lifungwe mapema? Njia zipo mbili. Ya kwanza, changanya misuli isiyogombana: sukuma kifuani, pumzika kidogo, vuta cha mgongo, pumzika, rudi kifuani. Kifua kinapumzika wakati mgongo unafanya kazi. Ya pili, kama lazima upumzike dakika moja, ongeza seti ili kazi nzima ifikie ileile ya mwenye dakika tatu. Wabrazili waliwahi kujaribu kusawazisha kazi hivyo kwa mazoezi ya miguu, na ukuaji ukalingana. Mzigo wote ulioubeba kwa wiki ndio mwenye neno, na mapumziko ni njia ya kuubeba.

Dada zangu, msidhani haya ni ya wanaume peke yao. Betri ya msuli ni ileile. Na usiogope kwamba ukipumzika dakika mbili utaota kifua cha baunsa. Hilo haliji kwa bahati mbaya, sisi wenyewe tunalitafuta miaka na halitaki kuja.

NA ZILE SINDANO JE?

Vile vichupa ni steroidi. Nilipouliza vizuri nilikuta zinaweza kuharibu ini na kunenepesha ukuta wa moyo. Kwa mwanaume zinasinyaza korodani, zinapunguza mbegu na wakati mwingine zinamwotesha matiti. Bomba la sindano likipita kwa watu wawili, hapo ongeza na virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Nilikuwa tayari kulipia yote hayo, mwenzenu, kwa tatizo ambalo dawa yake ilikuwa kukaa kwenye tofali dakika tatu.

Naamini siko peke yangu. Wapo vijana wengi wanaofikia vichupa kwa sababu wamejitesa mwaka mzima bila kuona kitu, wakaamua mwili wao ndio wenye kasoro. Kabla hujaulaumu mwili, tazama saa. Tazama na sahani pia: mayai, maharage, dagaa, maziwa. Na kitanda. Msuli hujengwa ukiwa umelala, na chuma kinaleta matofali tu.

Mimi nilirudi chini ya mwembe. Miezi mitatu ya foleni, na safari hii naijua faida yake, mzani umesoma kilo 63. Siwezi kusema yote ni kazi ya mapumziko, maana na mayai nimeongeza. Lakini kilo 50, zile zilizonilalia kifuani mbele ya vioo, juzi nimezisukuma mara 9, na yule kaka mkubwa alikuwa amesimama kichwani kwangu, mikono tayari. Hilo nalo lishike: chuma kizito kifuani usisukume bila mtu wa kukuangalia.

Nilipoinuka nikataka kuunganisha seti nyingine kwa furaha. Akanishika bega, akanionyesha tofali.

"Kaa mdogo wangu. Zamu yako bado."

Nikakaa. Tuliendelea na stori ya Simba na Yanga.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.